Wanawake Tuliotembea Darini

Mama yetu alilala kitandani miaka mitatu kabla ya Mungu kumchukua. Kiharusi kilimkuta jikoni, akaanguka kando ya jiko la makaa, na tangu siku hiyo upande wake wa kulia haukufanya kazi tena. Mimi na dadangu mkubwa ndio tuliomuuguza. Tulimgeuza, tulimwosha, tulimlisha uji kwa kijiko na kumpangusa ulipomtoka pembeni mwa mdomo. Alikuwa mwanamke mzito na migongo yetu iliuma kwa kumwinua. Lakini akili yake ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililotutesa. Alielewa kila tulichomfanyia. Tukimaliza kumwosha aligeuza uso ukutani, asitake kututazama mpaka adhuhuri.

Naeleza haya kwanza kwa sababu watu wengi walituuliza baadaye nini kilituingia kichwani, hata tukaanza mambo ya mazoezi tukiwa watu wazima wenye watoto waliokwisha kuoa. Walidhani twataka kuwa wembamba kama wasichana wa kwenye simu. Hatukuutaka wembamba. Tulikiogopa kile kitanda.

Wakati huo tulikuwa tukiishi jumba moja la ghorofa pale Bombolulu. Dadangu alikaa chini na mumewe, mwenye duka la vitambaa upande wa Kongowea. Mimi na mume wangu tulikaa ghorofa ya pili. Mume wangu hufanya kazi na mawakala wa kutoa mizigo bandarini Kipevu. Hutoka asubuhi mapema na kurudi jioni, hana nguvu hata ya kuzungumza. Mimi hushona nyumbani. Cherehani yangu iko karibu na dirisha, nami hukaa mbele yake kutwa, na nikiinuka magoti hulia kama mlango uliokosa mafuta.

Dadangu alipopatikana na sukari, mimi ndiye niliyemsindikiza kliniki. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyekuwa akiandika huku akiuliza.

"Mama, unafanya mazoezi?"

"Nafagia," dadangu akamjibu. "Nafua. Napika chakula cha nyumba nzima, na wageni wakija nawapikia wao pia. Hayo si mazoezi?"

"Hayo ni kazi, mama. Mimi nauliza kama watoka nje ukatembea kwa kasi mpaka jasho likakutoka."

Dadangu alimtazama kama aliyeambiwa apande mnazi. "Nitoke nje kwa kasi, namkimbia nani?"

Muuguzi akacheka, nasi tukacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe hebu lete mkono." Alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akasubiri, akakijaza tena. Hakucheka mara ya pili. Alituambia sote wawili tutembee, nusu saa kila siku, na tupunguze chumvi, sukari na mafuta. Tulipotoka nje dadangu alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akarekebisha mtandio wake.

"Mama," alisema. Ni hilo neno moja tu alilosema, na mimi sikuhitaji jingine.

Tulianza kesho yake baada ya sala ya alfajiri. Dadangu alivaa buibui juu ya dera, na miguuni ndara. Mimi niliazima raba za binti yangu. Tulipanga kwenda mpaka barabara kubwa na kurudi. Anayepajua Bombolulu anajua njia zetu zilivyo: kando ya lami kuna mtaro, juu ya mtaro kuna mabanda ya mboga na wapika mahamri, na nafasi iliyobaki ni ya bodaboda. Kila tulipochangamsha miguu ilibidi tusimame tumpishe mtu, au tuliruke dimbwi, au tungoje pikipiki igeuze.

Penye muuza kahawa walikaa wanaume wanne watano waliotoka msikitini. Mmoja wao, mtu tunayeheshimiana naye, akainuka nusu kwenye benchi.

"Mama zangu, kuna msiba wapi?"

"Hakuna msiba," nikamjibu.

"Mbona mwakimbia?"

"Twatembea tu."

"Kutembea gani huko kwa haraka hivyo, jua halijatoka?"

Wenzake wakacheka. Halikuwa tusi. Ukweli ni kwamba hawakuwahi kuona wanawake wa rika letu wakienda kasi bila kufiwa, na sisi wenyewe tulikuwa hatujawahi kuona. Dadangu akauvuta mtandio mpaka ukamfunika mdomo, akapunguza mwendo, na kutoka hapo tulitembea kama watu waendao kutoa pole.

Tuliendelea kwa siku kadhaa. Kisha mumewe akamwambia kwamba ameulizwa dukani. "Watu wanadhani nimekunyima nauli," alisema. "Mke wangu aonekane barabarani alfajiri, miguu imejaa vumbi, kwani mimi nimefilisika?" Shemeji yangu si mtu mbaya. Hajawahi kumwinulia dadangu mkono, na dawa za sukari alizinunua yeye bila kuambiwa mara mbili. Lakini alizaliwa katika nyumba ambayo heshima ya mwanamume hupimwa kwa namna mkewe anavyoonekana, na kwa kiasi gani anaonekana.

"Daktari amesema nitembee," dadangu alimwambia.

"Basi tembea na huyo ndugu yako, na mwende na mrudi mapema. Na wewe valia vizuri."

Hiyo ilikuwa ruhusa, na tuliishika.

Ghorofa ya juu kabisa aliishi mwanamke kijana aliyetoka bara, Mkristo, mfanyakazi wa usafi huko karibu na uwanja wa ndege, Port Reitz. Hakuwa na mume; alikuwa na binti mmoja aliyesoma bweni. Yeye alikimbia. Akitoka na suruali yake ya michezo na fulana ndefu, alitupita kama upepo, akifika barabara kubwa anageuka, anatukuta pale pale tulipokuwa. Shuleni alikuwa mkimbiaji, alituambia, na hata akaenda kushindana wilaya nyingine. Siku moja alisimama kando yetu akihema.

"Si mkuje tukimbie pamoja?"

Dadangu alipenda sana hilo neno "mkuje". Alilirudia siku nzima nyumbani, akicheka. Lakini alimpenda yule mwanamke pia. "Ana moyo," aliniambia. "Mimi nikitazamwa na mtu mmoja nasahau namna ya kutembea. Yeye anatazamwa na mtaa mzima na bado anakimbia."

Asubuhi moja tulimwona akirudi kwa hatua, hakimbii. Alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akiubana kifuani kama anayebeba mtoto mchanga. Alipofika karibu tukaona damu imelowesha fulana. Vijana walimtokea pale kwenye kiwanja kisichojengwa, na mapanga. Aliwapa simu mara moja, hakubishana, na hata hivyo mmoja wao alimkata alipokuwa akigeuka kuondoka. Nilivua mtandio wangu nikamfunga. Dadangu alikuwa akisoma dua kwa sauti, na yule mwanamke ndiye aliyekuwa akitutuliza sisi. "Si mbaya, mama. Si mbaya. Mkono bado unashika."

Alipokwisha kufungwa bandeji, mimi na yeye tulikwenda kuandikisha kituo cha polisi. Askari aliyekuwa mezani alimtazama suruali, akamtazama bandeji, akauliza, "Saa hizo ulikuwa unatafuta nini nje?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Unakimbia unaenda wapi?"

Tulirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kutuambia tukae ndani. Sisi wenyewe tulijifungia.

Wazo la dari lilinijia nikiwa naanika nguo. Paa la jumba letu ni la saruji, tambarare, lina ukuta wa kufika kiunoni, matangi ya maji upande mmoja na kamba za nguo upande wa pili. Alasiri jua likishalainika, upepo hupita pale juu hata ukasahau joto la vyumbani. Nilikuwa nimeshika beseni tupu, nikazunguka mara moja kutafuta kibanio kilichoanguka, nikazunguka mara ya pili bila sababu, na mara ya tatu nikaweka beseni chini.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba, mzee wa ukoo wa zamani, ambaye baba yake alilijenga duka la kwanza la mtaa ule. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, nikamweleza kuhusu sukari ya dadangu na presha yangu. Alinisikiliza akizungusha tasbihi.

"Wanawake peke yenu?"

"Wanawake peke yetu, mzee."

"Haya. Lakini msinibomolee dari."

Mwanzo tulikuwa watatu: mimi, dadangu, na yule wa bara, aliyekuja mkono wake ulipopona. Kisha akaja mke wa mpangaji wa ghorofa ya kwanza, mwanamke aliyekuwa amejifungua na kunenepa na kuchekwa na mawifi zake. Kisha wakaja wengine. Tulizunguka matangi na kamba za nguo, tukiinama chini ya mashuka mabichi. Yule wa bara alitufundisha kuinua magoti, kuzungusha mabega, kuruka huku mikono ikipigana juu ya kichwa. Wengi wetu hatukuwa tumeruka tangu tulipovunja ungo. Mwili ulitushangaza. Mmoja wetu alianza kulia katikati ya mazoezi na hakuweza kutueleza kwa nini, nasi hatukumsumbua.

Dadangu ndiye aliyebadilika kuliko wote. Kule barabarani alikuwa akitembea kama anayebeba mzigo wa mtu mwingine. Kule juu alivua buibui, akavua mtandio, akalichomeka dera kiunoni, na akawa msichana niliyemjua zamani, aliyekuwa akinishinda kuruka kamba uani kwetu na kunikejeli. Alimwambia mumewe anunue raba, kwa sababu muuguzi alimkataza kwenda pekupeku, na mumewe akazinunua, nyeupe, akazileta ndani ya mfuko mweusi kama mtu aliyenunua kitu cha aibu. Alipopimwa tena sukari ilikuwa imeshuka. Muuguzi alimpa mkono. Dadangu alirudi nyumbani akapika biriani, kisha akakumbuka, akaigawa yote kwa majirani, yeye akala kachumbari.

Hiyo ilikuwa miezi mizuri, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Jumba la jirani lilikuwa likijengwa. Tulipoanza lilikuwa chini yetu; mafundi wakawa wanapandisha kuta kidogo kidogo, na hatukuona lilipotufikia na kutupita. Saa tulizopanda mafundi walikuwa wamekwisha kwenda zao, au ndivyo tulivyodhani.

Siku moja baada ya magharibi shemeji aliniita. Nilimkuta amekaa sebuleni, simu yake iko mezani, imelala kifudifudi. Dadangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, ameshika pazia.

"Shemeji, kaa," alisema. Nikakaa. Aligeuza simu akaibonyeza, akaisukuma upande wangu.

Ilikuwa video, imepigwa kutoka juu, kutoka jengo la jirani. Walikuwa wameitia muziki. Sote tulikuwemo, lakini aliyepiga alimfuata dadangu tu. Kichwa wazi, dera kiunoni, mapaja nje, raba nyeupe, anaruka na mikono yake iko juu, na mwili wote unapanda na kushuka naye. Wanaume wawili au watatu walisikika wakicheka chini ya muziki. Mwishoni dadangu alisimama, akaweka mkono kifuani, akacheka pia, akimcheka mwenzake fulani asiyeonekana. Kabla sijafikiri neno lolote, nilichoona ni kwamba dadangu alikuwa na furaha.

"Imeletwa na mteja," shemeji alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mteja amenifungulia mwenyewe, mbele ya wafanyakazi wangu, akaniuliza, huyu si wa nyumbani kwako?"

"Na aliyepiga, shemeji? Umemtafuta?"

"Nimtafute wapi?"

"Jengo lile pale. Fundi mkuu yupo. Mwenyewe yupo."

"Nikimpata, nimwambie nini? Afute simu za watu wote wa Kisauni?"

"Umwambie alichofanya ni haramu. Sisi tulikuwa kwetu. Yeye ndiye aliyechungulia."

Nadhani alijua nilisema kweli. "Wallahi, shemeji, nimefunga duka kwa aibu," alisema. "Miaka yangu yote sijafunga duka isipokuwa Ijumaa na Idi. Leo nimefunga."

Ndipo dadangu akasema kutoka mlangoni, "Basi. Yamekwisha. Sipandi tena." Akaliachia pazia likamfunika.

Mwenye nyumba alitia kufuli mlango wa darini kabla wiki haijaisha. Alikuja mwenyewe kunieleza, akakataa kukaa. "Mwanangu, mimi sina ubaya nanyi. Lakini jumba hili lina jina la baba yangu." Tangu hapo nguo tulianika madirishani. Wanawake wa lile jumba, wale wale tulioruka nao, walihitaji mtu wa kumlaumu, na hawakwenda mbali kumtafuta. Walisema yule wa bara ndiye aliyetuletea tabia ya kuvua na kurukaruka. Walisema ngazini, kwa sauti ya kusikika. Maji yake yalikatwa mara mbili na hakuna aliyejua nani kafunga bomba.

Alihamia Changamwe, karibu zaidi na kazi yake. Siku aliyokuwa akipakia vitu nilishuka kumsaidia kubeba godoro.

"Mimi sikuwavua mtandio, mama," aliniambia.

"Najua."

"Nilitaka tu mpate ile kitu mimi huwa napata nikikimbia."

Nilimwambia tuliipata. Aliitikia kwa kichwa, akapanda kwenye gari pamoja na vitu vyake, na kovu la mkono wake nililiona aliposhika ukingo.

Mume wangu mimi hakuniambia neno kuhusu ile video kwa siku nyingi. Mwisho, tukiwa tunakula, aliniuliza, "Nawe ulikuwamo?"

"Nilikuwamo. Nyuma, karibu na tangi."

"Wenzangu kazini wameiona. Hawakujua kwamba wewe umo." Akamega mkate. "Nilikaa kimya." Sijui hadi leo kama alikaa kimya kwa kunilinda au kwa kujilinda, na sikumuuliza.

Nilijaribu kumrudisha dadangu kutembea. Nilishuka kila alasiri, nikamwambia tuzunguke sebuleni, tupande na kushuka ngazi, twende hospitali kwa miguu na kurudi kwa gari. Mumewe hakukataza, baada ya muda hata yeye alianza kumwambia anyooshe miguu. Aliyekataa ni dadangu.

"Umeiona ile picha?" aliniuliza siku moja.

"Nimeiona."

"Mimi sikujua niko vile. Wakati naruka, ndani yangu nilikuwa mwepesi. Wallahi nilikuwa mwepesi. Kumbe watu wanaona gunia linarushwa."

"Mimi sikuona gunia, dada."

"Wewe ni ndugu yangu."

Nilimwambia mengi. Nilikasirika, nikambembeleza, nikamtajia mama. Hakuna kilichomwingia. Kabla ya hapo nilidhani kwamba vizuizi vyote viko nje: wanaume wa kahawa, mapanga, mtaro, kufuli. Vile vya nje tungeweza kuvizunguka, kama tulivyokwisha kufanya. Hiki kilichomkaa ndani sikupata pa kukishika. Alikula akiwa na huzuni, na alikuwa na huzuni kila siku. Kliniki aliacha kwenda, akisema muuguzi naye ana simu.

Nyumba yake ilianza kunukia udi. Dadangu alipenda udi tangu zamani, lakini sasa ilikuwa udi asubuhi, udi mchana, chetezo hakipoi. Nilimwambia tutapaliwa na moshi. Alisema kuna mbu. Ilinichukua muda mrefu kuelewa. Alasiri moja nilimkuta amelala kwenye kochi, mguu umefunikwa leso, na feni ikaipeperusha leso. Chini ya udi ilikuwapo harufu nyingine.

"Dada, nini hicho?"

"Kiatu kilinichuna."

"Lini?"

Niliinua leso. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na weusi ulikuwa umeanza kupanda. Haukumuuma, alisema. Kweli haukumuuma, sukari ilikwisha kuziua fahamu za miguu yake, na ndiyo maana aliweza kukaa na kidonda kile akikifukizia udi, asiseme na mtu, ili asipelekwe mahali penye watu.

Hospitali walijaribu kukata kidole. Kisha wakakata chini ya goti. Shemeji alitia sahihi, akatoka nje akakaa kwenye ukingo wa saruji karibu na bustani, nami nikaenda kukaa naye. Alisema, "Shemeji, ile siku ya simu..." Tulikaa pale mpaka alipoitwa.

Dadangu aliporudi nyumbani, mtaalamu wa mazoezi alikuja kumfundisha kutumia magongo. Jambo la kwanza alilomwambia ni kwamba lazima atembee kila siku, la sivyo mguu uliobaki nao utaharibika. Dadangu alicheka kicheko kibaya, nikatoka chumbani.

Sasa shemeji hufunga duka kila alasiri. Humshika mkewe kiunoni, wakatembea ukumbini, na alipopata nguvu wakatoka nje. Naam, walitoka nje, barabara ile ile. Bombolulu kuna karakana ambazo mafundi wake wengi ni walemavu, na kwa hiyo mtaa umezoea magongo na viti vya magurudumu. Hakuna anayegeuza shingo kwa mwanamke mwenye mguu mmoja. Penye muuza kahawa wanaume huinuka wakamwachia benchi. "Maashallah, mama. Jikaze, inshallah utapona." Bodaboda husimama wakampisha. Buibui likipanda mpaka gotini kwa sababu ya magongo, hakuna anayetazama, na kama yupo anatazama kwa huruma. Jasho humtoka wazi wazi mbele ya watu wote.

Siku ya kwanza waliporudi nilimkuta kitandani amechoka, kwapa zimemchubuka.

"Umewaona wale wa kahawa?" aliniuliza.

"Nimewaona."

"Ningejua bei yao ni mguu, ningewapa mapema."

Mumewe alikuwa pale, anamshikia magongo. Alisikia. Aliyaegemeza ukutani taratibu, akaenda kuleta maji.

Mimi bado natembea. Presha yangu haijanipa likizo. Natoka jua likishachomoza na watu wakishajaa njiani, kwa hofu ya wale vijana, na mkononi nabeba kikapu cha sokoni. Mwanamke mwenye kikapu haulizwi anakimbilia wapi. Naweza kwenda kasi nitakavyo, watadhani nimeacha chungu jikoni. Nafika upande wa Kongowea, nageuka, narudi, na mara nyingi kikapu hakina kitu.

Mke wa mpangaji wa ghorofa ya kwanza, yule aliyechekwa na mawifi, alinikuta ngazini wiki iliyopita. Alikitazama kikapu, akakiona kitupu, akanitazama mimi. Yeye pia alikuwa miongoni mwa waliomsema yule wa bara.

"Kesho ukienda sokoni," alisema kwa sauti ya chini, "nigongee mlango."

Kesho yake nilimgongea. Mumewe ndiye aliyefungua, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya dadangu, kisha akasema mkewe bado amelala. Nyuma yake, jikoni, nilimsikia mkewe akipanga sahani, polepole, moja juu ya nyingine. Nilimwambia mumewe ampe salamu, nikashuka ngazi.